SOMO: Picha za mito zilivyopigwa enzi za vioo vibichi

Habari wakuu, kuna mmoja aliuliza kwa nini kwenye picha za zamani mto unaonekana mweupe kama maziwa ya ng'ombe, nikaona bora nishushe somo zima maana hiki kitu nakipenda toka moyoni. Njia yenyewe, ya kupiga picha kwenye kioo kilichopakwa dawa ambayo bado haijakauka, ni ya Frederick Scott Archer wa Uingereza, aliitangaza 1851.

1. Safisha kioo, hata alama ya kidole isibaki.

2. Mimina kolodioni, yani pamba iliyopitishwa kwenye asidi ikayeyushwa kwa etha na spiriti, ndani ina chumvi ya iodini. Inamisha kioo kona kwa kona mpaka dawa ienee, inayobaki irudishe kwenye chupa.

3. Ingia hemani gizani, kitumbukize kwenye naitreti ya fedha dakika 3 hivi. Hapo ndo kinaanza kushika mwanga.

4. Sasa ni mbio. Kioo kipigwe picha na kisafishwe, yani picha itokezwe kwa dawa, kikiwa bado kibichi, una kama dakika 10 tu na jua likiwa kali hazifiki, ndo maana mpiga picha alibeba hema na machupa yote kila aendako, Carleton Watkins 1867 alisafiri kando ya mto Columbia kule Marekani na vioo vya inchi 18 kwa 22, maana kukuza picha ilikuwa shida, ukitaka picha kubwa unabeba kioo kikubwa. Nafuu ya mtoni ni kwamba maji ya kuoshea yapo hapo hapo.

5. Tia kioo kwenye kamera, toa kifuniko cha lenzi, hesabu sekunde, rudisha. Jibu la swali liko hapa: mawe yametulia, daraja limetulia, maji hayatulii, kila wimbi linaacha weupe wake mpaka unaungana kuwa utando.

6. Rudi hemani, mwagia ferasi salfeti (dawa ya kutokeza picha), osha, tia "haipo" (hypo, dawa ya kuifanya picha isiharibiwe tena na mwanga), osha tena, kausha, paka vanishi.

MASWALI

Mkuu mbona mbingu nyeupe tupu, mawingu yako wapi?
– Dawa ile inashika bluu haraka mno, mbingu inaungua, yani inazidiwa na mwanga, wakati miti bado giza. Gustave Le Gray wa Ufaransa, baadhi ya picha zake za bahari za 1856 na 1857, mawingu aliyapiga kwenye kioo kingine akaunganisha wakati wa kuchapa.

Huku Afrika je?
– John Kirk, yule aliyekuja kuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, alipiga picha kwenye msafara wa Zambezi ulioanza 1858.

Naweza kujaribu nyumbani?
– Peke yako hapana ndugu yangu. Etha inadaka moto haraka, naitreti ikirukia jichoni unaweza kupofuka. Tafuta anayeijua, vaa miwani na glovu, na fanyia sehemu yenye hewa.