Namna ya Kuisifu kwa Hoja Katuni ya Majaribio ya Mtandaoni

Yeyote anayeketi Lubumbashi kuandika sifa za katuni ya majaribio iliyotolewa mtandaoni, yaani hadithi ya picha inayojaribu njia mpya za kusimulia, hukuta maneno tele yanamsubiri: ya kuvutia, ya kipekee, yenye ubunifu mkubwa. Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yanaifaa kazi yoyote, hata ile ambayo mwandishi hakuisoma. Sifa inakuwa uhakiki pale unapomwonyesha msomaji mahali hasa ambapo kazi inatenda jambo, ukamweleza na jinsi inavyolitenda.

Anza kwa kuisoma kwenye simu, kwa kuwa wengi wa wasomaji wako wataikuta huko, na uangalie kidole chako kinafanya nini: kinasogeza chini, kinasogeza pembeni, kinagusa ili picha ibadilike, au kinangoja tu. Andika hayo kabla ya kuandika lolote kuhusu hadithi. Kisha jiulize: kazi hii ikichapishwa kwenye karatasi, itapoteza nini? Mwaka 2013 Randall Munroe, mchoraji wa katuni wa Marekani, alitoa mtandaoni katuni iitwayo «Time», yenye picha 3,099 zilizopokezana mahali pamoja, kwanza kila nusu saa na baadaye kila saa, kuanzia Machi hadi Julai. Kitabuni picha zote zingepatikana kwa siku moja, lakini kule kungoja, ambako ndiko kulikowafanya watu warudi kukisia wahusika wale wawili wanajenga nini ufukweni, kungetoweka. Mhakiki anayeisifu kazi hiyo kwa uzuri wa mistari yake ameisifu kwa kitu kidogo kuliko vyote ilivyo navyo. Ajabu yake ni kwamba muda wenyewe umefanywa kuwa sehemu ya usimulizi.

Hata hivyo, swali hilo la karatasi lisitumiwe kama sheria. Ryan North, mwandishi wa Kanada, amekuwa akitumia picha zilezile katika katuni yake ya mtandaoni «Dinosaur Comics» tangu 2003, akibadilisha maneno tu, na mtindo huo unachapika bila taabu. Jaribio lake limo katika kizuizi alichojiwekea, kwa hiyo sifa yake itafutwe katika namna ishara moja ya mwili wa dinosaria inavyobeba leo hasira na kesho aibu. «Phallaina» ya Marietta Ren, ya mwaka 2016, iko katikati: haina visanduku vya kutenganisha picha na picha, mchoro wote inatiririka kuelekea pembeni chini ya kidole, na bado iliwahi kuoneshwa pia kama mchoro mmoja mrefu ukutani. Hapo linganisha hali hizo mbili, useme kila moja inampa mtazamaji nini.

Kuhusu ushirikiano, ndipo wahakiki wengi wanapolegea. Kuandika kwamba waandishi, wachoraji na wanamuziki «wameshirikiana vizuri» ni kuwapongeza kwa tabia njema. Onyesha kazi ya mmoja inapokutana na ya mwenzake, na kila upande ungebaki na nini peke yake. Katika «Les Autres gens», iliyoanza Ufaransa mwaka 2010, Thomas Cadène aliandika hadithi iliyokuwa ikitoka kila siku ya kazi, na wachoraji wengi wakapokezana kuichora. La kusifiwa pale ni jinsi mhusika anavyotambulika ingawa mkono unaomchora umebadilika, pengine kwa nywele, pengine kwa namna yake ya kuzungumza. «Homestuck» ya Andrew Hussie ilianza mwaka 2009 kwa kufuata maagizo yaliyotumwa na wasomaji, na baadaye ikapata muziki wa watunzi kadhaa. Ukiihakiki, tenganisha kile msomaji alichoamua na kile kilichoamuliwa na mwandishi, maana mambo hayo mawili hayastahili sifa ya aina moja.

Katika jambo hili Lubumbashi ina urithi wake, na sioni sababu ya kuuacha kando. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa Kongo, alipomletea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mfululizo wake wa picha za historia ya nchi, mwaka 1973 na 1974, alizisimulia kwa Kiswahili moja baada ya nyingine, na masimulizi yale hayawezi kutengwa na rangi. Familia zilizotundika sebuleni michoro ya «Colonie belge», yaani ya enzi ya ukoloni wa Wabelgiji, au ya «Mamba Muntu», yaani nguva, zilithamini picha inayowafanya watu waketi na kusimulia. Kipimo hicho kinafaa kabisa kwa katuni ya mtandaoni: mpe mtu mwingine asome, kisha usikilize anaanza kusimulia kutoka wapi.

Usifiche kasoro, kwa maana sifa isiyo na mpaka haiaminiki. Kama sauti na picha zinazotembea zinakula mega nyingi, sema hivyo waziwazi, tena mapema, kwa sababu msomaji wako ndiye atakayelipa. Taja pia kifaa ulichotumia na tarehe uliyosoma: kazi nyingi zilizotegemea Flash, programu ya kuonyesha picha zinazotembea na sauti mtandaoni, ziliacha kufunguka kama zamani baada ya programu hiyo kufikia mwisho wake Desemba 2020.

Mwishoni mwa uhakiki orodhesha majina yote, pamoja na la aliyepaka rangi na la aliyeandika programu, ambao husahaulika kila mara. Ukitaka kuonyesha picha, omba ruhusa. Waandikie watunzi kuthibitisha nani alifanya nini, lakini usiwatumie uhakiki wenyewe kabla haujatoka.