Kamba wa bwawani wakati wa kaskazi: joto ni la mchana, vifo ni vya alfajiri

Kuanzia Januari hadi masika yashike, maji ya mabwawa ya kamba kando ya hori za Mtwapa, Tudor na Port Reitz hupanda joto siku baada ya siku. Mfugaji mgeni huhangaika saa 8 mchana, kipima joto kikisoma nyuzi 34. Kamba wake watakufa saa 11 alfajiri, yeye akiwa amelala.

Sababu ni oksijeni. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 hubeba kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 33 hubeba 5.9 tu au hapo karibu. Joto hilohilo humfanya kamba apumue zaidi na kuwachangamsha bakteria walio kwenye matope. Mwani nao, ule mdogo mno unaoyapa maji rangi ya kijani, mchana hutoa oksijeni lakini usiku huivuta. Kwa hiyo pima mara mbili kwa siku: saa 11 alfajiri na saa 9 alasiri, karibu na sakafu ya bwawa, si juu juu. Alfajiri usikubali chini ya miligramu 4. Chini ya 3 kamba huacha kula, na chini ya 2 hesabu maiti.

Kamba wenye milia na kamba weupe, wanaofugwa sana pwani yetu, hustawi kwenye nyuzi 28 hadi 32. Kinga ya kwanza ni kina. Bwawa la sentimita 60 hupata joto hadi matopeni, na kamba hana pa kukimbilia. Weka angalau mita 1.2. Ikiwa tuta haliruhusu, chimba mfereji ndani ya bwawa kuzunguka ukingo, upana mita 2 na kina nusu mita zaidi ya sakafu. Mfereji huo hukusanya uchafu, kwa hiyo uwe na mteremko kuelekea mlango wa maji; bila hivyo umechimba kaburi.

Kubadilisha maji

Hapa Mombasa maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa karibu saa 10 alfajiri na tena karibu saa 10 jioni, na kupwa karibu saa 4 asubuhi. Ya alfajiri ndiyo ya kuingiza: yamepoa, na yanafika wakati bwawa linahitaji oksijeni kuliko saa nyingine yoyote. Ya jioni yamepita juu ya tope lililoanikwa juani tangu asubuhi, na mara nyingi huwa ya moto kuliko ya bwawani. Tumbukiza kipima joto nje ya mlango kabla ya kuinua ubao hata mmoja.

Toa kwanza maji ya chini, kwa kuinua mbao za chini za mlango, kisha ingiza mapya kupitia wavu wa matundu ya milimita 1 au chini yake ili kuzuia samaki na kaa. Asilimia 10 hadi 15 kwa siku yatosha. Ukibadilisha theluthi kwa mpigo, kamba wengi hujivua gamba pamoja kwa mshtuko, na wenye gamba laini huliwa na wenzao.

Maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo bahari haijai sana, hutapata maji mapya kwa siku kadhaa. Kwa hiyo siku ya mwisho ya bamvu jaza bwawa hadi alama ya juu. Jua la kaskazi hula nusu sentimita au zaidi kila siku, na chumvi hubaki. Ikipita gramu 40 kwa lita ukuaji hudorora. Maji ya kisima yanaweza kuishusha, lakini yapime chumvi kwanza. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi tayari. Maji ya bomba ya mjini yenye klorini yasiingie moja kwa moja.

Chakula ndicho kinachoua wengi

Tungepewa nafasi ya kurekebisha jambo moja tu kwa wafugaji wadogo, lingekuwa hili. Kamba kwenye maji ya moto anaweza kuonekana mlafi, huku chakula kikimpita tumboni bila kusagwa vizuri. Kinachobaki huoza na kutoa amonia. Amonia yenyewe hubadilika kuwa sumu kadiri joto na pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) vinavyopanda: pH ikitoka 8 hadi 9, sehemu yenye sumu huongezeka takriban mara sita. Na pH ya mchana hupandishwa na mwani uleule unaorutubishwa na chakula kilichobaki.

Tuchukue bwawa la robo ekari, kama mita za mraba 1,000, lililopandwa vifaranga 10 kwa kila mita. Wakibaki asilimia 70, una kamba 7,000. Wakiwa na gramu 12 kila mmoja, ni kilo 84. Kwa kawaida wangekula asilimia 3.5 ya uzito wao, yaani kilo 2.9 kwa siku. Maji yakipita nyuzi 32 shusha hadi kilo 2. Gawa hivi: gramu 800 saa 2 asubuhi, gramu 800 saa 11 jioni, gramu 400 saa 3 usiku. Mchana usilishe. Kabla ya jua kuchomoza usilishe kabisa.

Sinia ndiyo itakayokuambia ukweli. Weka masinia mawili sakafuni, kila moja na gramu 25 kwa kila kilo unayomwaga, uyainue baada ya saa mbili. Chakula kikibaki, punguza mlo unaofuata kwa asilimia 20; kikibaki zaidi ya nusu, ruka mlo. Mchukue kamba mmoja wa kwenye sinia umwinue kwenye mwanga. Mstari wa utumbo mgongoni uwe umejaa, rangi ya chakula. Ukikatika vipande, au ukiwa mweusi, huyo anakula tope. Nyuzi nyeupe za kinyesi zikielea ni dalili ya tumbo bovu, mara nyingi vibrio, bakteria wapendao joto. Hapo simamisha chakula siku nzima, toa uchafu wa chini, na usikimbilie antibiotiki.

Usiku

Mashine ya hewa ya nguvu ya farasi 1 hutosha kilo 400 za kamba hivi. Iwashe kuanzia saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi. Siku za shwari, kaskazi ikishaisha na kusi haijaanza, iwashe pia kwa muda wa saa mbili adhuhuri ili maji ya juu na ya chini yachanganyike. Stima ikipotea na huna jenereta, chota maji ya juu ya bwawa kwa pampu ya petroli uyarushe hewani yaanguke kama mvua. Kamba wakizunguka ukingoni juu ya maji alfajiri, usingoje kipimo: washa kila kitu na ufute mlo wa asubuhi.

Kuvua kamba kwa kimia ili kuwapima uzito kufanywe alfajiri tu, mradi oksijeni iwe nzuri. Kamba akiinuliwa kwenye hewa ya moto hukakamaa: mwili hujikunja, nyama hugeuka nyeupe, na ukimrudisha majini hanyooki tena. Kupandikiza vifaranga vivyo hivyo: iache mifuko ielee majini, ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo, joto lisipande zaidi ya nyuzi 1 kila dakika 15.

Mvua za kwanza

Wengi hupumua masika yakianza, na hapo ndipo hupoteza. Virusi vya madoa meupe, vinavyoua kamba, hupungua nguvu kwenye nyuzi 32 na zaidi. Maji yakipoa ghafla hupata nafasi. Mawingu nayo huua mwani, na mwani unaooza humaliza oksijeni. Kwenye matuta ya udongo wa mikoko, mvua huosha asidi hadi bwawani. Mwaga chokaa ya kilimo juu ya tuta kabla ya mvua, kilo 10 hadi 20 kwa robo ekari. Kisha inua mbao za juu za mlango, safari hii za juu, maji ya mvua yatoke kabla hayajakaa kama blanketi juu ya yale ya chumvi.