Kusoma ROM ya chipu kongwe kwa picha za hadubini

Kabla ya kupasha kitu moto, soma namba iliyo mgongoni mwa chipu. Katika familia ya 8051, chipu ndogo za kudhibiti mashine, tarakimu moja hubadili kazi nzima: 8031 haina ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu, inayobeba programu) ndani, 8751 ina EPROM (kumbukumbu inayofutika na kuandikwa upya), na 8051 ina ROM iliyoandikwa kiwandani, baiti 4,096. Hiyo ya kiwandani ndiyo inayoweza kusomwa kwa picha, kwa sababu biti zake, yaani zile 0 na 1, ni sehemu ya umbo la chipu lenyewe. Kwenye EPROM biti ni chaji ya umeme iliyonaswa, na chaji haipigwi picha kwa hadubini ya mwanga. Na hata kama ni 8051, jaribu kwanza kuisoma kwa mashine ya kuandikia chipu. Mara nyingi inatoa data yake bila kuvunjwa. Ukishaifungua hairudi kwenye bodi.

Chipu za kauri ndizo rahisi. Ibane kwenye jiliwa, weka patasi kwenye mstari wa kioo unaounganisha vipande viwili, gonga mara moja kwa nguvu ya kiasi. Kifuniko kinaruka na silikoni, kile kipande chembamba chenye saketi, inabaki kwenye kitako chake.

Za plastiki zinataka subira. Njia inayowezekana bila maabara ni utomvu mkavu wa msonobari, ule wa manjano ambao mafundi redio huchovya ncha ya hawiya kabla ya kulehemu. Kata miguu, punguza plastiki kwa tupa mpaka ibaki milimita 2 hivi kila upande wa silikoni, kisha iweke kwenye neli ya kioo kisichopasuka kwa moto na uifunike kwa utomvu. Simamisha neli kwenye sufuria ya mchanga. Mchanga wa ufukweni Kigoma unafaa, ila uoshe na uukaushe kabisa, kwa sababu maji yaliyobaki hutoa mvuke unaorusha mchanga na kupasua neli. Tumia jiko la umeme. Jiko la mkaa lisikaribie, mvuke wa utomvu unashika moto. Pima kwa waya wa kupimia joto wa multimita: unataka nyuzi 320 hadi 350. Chini ya hapo plastiki inabaki ngumu na utakuwa umepoteza siku. Fanya kazi nje, ukae upande upepo unakotokea. Moshi huo unawasha macho na kifua.

Baada ya saa moja hadi tatu utomvu huwa mweusi kama lami. Zima jiko, acha kila kitu kipoe chenyewe, ndipo uyeyushe utomvu kwa asetoni, mbali na jiko. Ukiona plastiki bado imeganda juu ya silikoni, rudia kwa utomvu mpya. Usiikwangue kwa sindano: mkwaruzo mmoja unaweza kukata biti ishirini. Mswaki laini na maji ya sabuni vinatosha. Nyaya nyembamba za dhahabu zikikatika, ziache, huna kazi nazo.

Sasa hadubini. Ile ya zahanati ya kutazamia vijidudu vya malaria inapitisha mwanga kutoka chini, na silikoni haipitishi mwanga unaoonekana, hivyo utaona giza tu. Lenzi zake kubwa nazo zimetengenezwa kutazama kupitia kioo chembamba cha milimita 0.17. Unahitaji hadubini ya kukagulia metali, ambayo mwanga wake unashuka kupitia lenzi na kurudi. Lenzi ya 20x yenye NA (kipimo cha uwezo wa kukusanya mwanga) 0.40 inatenganisha vitu vya mikroni 0.8 hivi, inatosha kwa chipu nyingi za miaka ya 1980. Taa iwe ya LED, na ikiwezekana ya betri. Umeme ukiyumba, taa ya halojeni hubadilika rangi, na picha za saa nne hazitafanana na za saa tano.

Usawa wa silikoni ndio unaowashinda wengi. Kwa lenzi hiyo, kina kinachoonekana vizuri ni mikroni 3 au 4 tu. Kipande kikiinama digrii moja, upande mmoja wa ROM yenye upana wa milimita 2 unakuwa juu ya mwingine kwa mikroni 35. Kigandishe juu ya udongo laini wa kuchezea, kikandamize kwa kioo bapa, kisha kagua pembe zote nne bila kugusa kirungu cha fokasi. Hadubini ikae kwenye kipande cha zege kilicholala juu ya tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo nusu. Hatua za mtu sakafuni hazitafika kwenye picha.

Funga mwangaza, rangi na fokasi ya kamera, usiachie chochote kijirekebishe. Hifadhi kwa PNG au TIFF. Kila picha iingiliane na jirani yake kwa asilimia 30. Ikiwa picha moja inachukua milimita 0.32 kwa 0.24, eneo la milimita 2 kwa 1.5 linataka picha 81, tisa kwa tisa.

Kuziunga picha hizo hutumika programu ya Hugin, ambayo ni ya bure. Hapa ndipo data inapopotea bila mtu kujua. ROM ni mchoro mmoja unaojirudia kama mkeka, na programu inaweza kulinganisha mstari wa biti wa 40 na wa 41 ikaona ni kitu kimoja. Picha inatoka safi, haina ufa, ila mstari mmoja umemezwa. Kwa hiyo ruhusu ulinganisho wa picha jirani tu, kisha hesabu mistari. Ikiwa ni 127 mahali ulipotarajia 128, usijidanganye kwamba ndivyo ilivyo. Tafuta wa 128 kwenye maungio. Chembe mbili tatu za vumbi zilizoganda kwenye silikoni ni msaada hapa, kwa kuwa hazijirudii. Vumbi la kiangazi lina faida yake.

Kusoma biti tumia programu ya MaskRomTool ya Travis Goodspeed. Unachora mistari ya mlalo na safu za wima, na kila zinapokutana programu inapima rangi. Chati ya rangi ikitoa vilima viwili vilivyoachana, kimoja cha 0 na kingine cha 1, weka kizingiti bondeni na ukague kwa macho biti zote zilizo karibu nalo. Kilima kikiwa kimoja, huenda biti ziko chini ya metali, au ziliwekwa kwa kupenyeza kemikali ndani ya silikoni bila kubadili umbo. Hiyo inataka asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi na kushambulia kalsiamu mwilini. Kwa nyumbani, ishia hapo.

Biti 32,768 zinaweza kukaa, kwa mfano, mistari 128 kwa safu 256: makundi 8 ya safu 32, kila kundi likitoa biti moja ya baiti. Jaribu kugeuza, kupindua, kubadilisha 0 na 1, mpaka baiti ya kwanza iwe 02 (namba hizi ni za heksadesimali), yaani amri ya kuruka, ambayo ndiyo huanza programu nyingi za 8051. Tazama pia anwani za 0003, 000B na 0013, ambako amri za kukatiza (interrupt) huanzia, na utafute 75 81, inayopanga rafu ya kumbukumbu (stack). Kisha mtu mwingine asome picha ileile upya, mlinganishe faili.

Andika matokeo kwenye AT89C51, chipu inayoandikika upya ambayo pini zake zinalingana na za 8051. Bodi isipoamka, angalia mapigo ya saa (clock) kabla ya kulaumu biti: 8051 ya NMOS, teknolojia ya zamani ya chipu, hupokea saa ya nje kwenye pini ya 18, na chipu ya CMOS, teknolojia iliyofuata, kama AT89C51, huipokea kwenye pini ya 19.