Namna ya kutumia "-a kiungwana" kwenye sentensi bila kumsifia adabu asiye nayo

Juzi binti ninayemfundisha kutafsiri maneno yanayopita chini ya filamu alinitumia ujumbe saa nne usiku: "Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu. Ile 'familia ya kiungwana' imerudishwa tena. Mteja anauliza, kama ni waungwana mbona wanatukanana mezani?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana kosa hilo, la kumwita bwana wa kuzaliwa "wa kiungwana", mimi nimelifanya kabla yake na lilinila Jumamosi nzima. Naziandika hatua hapa nisije nikazieleza tena kwa simu.

Hatua ya 1: Amua sifa inatoka wapi

Mtu anaweza kuwa bwana mkubwa kwa kuzaliwa, kwa tabia au kwa pesa. Kiingereza kina neno moja linaloweza kubeba yote matatu kwa mpigo. Sisi tumeyagawa, kwa hiyo ukikurupuka utachukua lisilo lako. Andika pembeni ya sentensi: K, T au P. Kwa kalamu, kwenye karatasi. Programu ya simu ukiiuliza inakutupia neno la kwanza lililo karibu, na yenyewe haijui nani kazaliwa na nani.

Hatua ya 2: Upatanisho

Hapa sikai. Mtu wa kiungwana, kiti cha kiungwana, maneno ya kiungwana, salamu za kiungwana. Ukiondoa ile -a unganifu (wa, cha, ya, za) unapata kielezi: "Aliaga kiungwana akaondoka." Na "muungwana" peke yake ni la watu: mtu muungwana, watu waungwana. Kiti hakiwi muungwana hata kikinakshiwa kwa pembe.

Hatua ya 3: Tenga kiungwana cha zamani na cha leo

Hapa ndipo Jumamosi yangu ilipoishia, basi nivumilie.

Zamani huku pwani muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, mwenye ukoo unaojulikana mjini. Lamu na Pate waungwana ndio waliokaa nyumba za mawe: daka mlangoni, na ndani ukuta mzima wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, uliopangwa sahani za Kichina. Harusi zao ndizo zilizopigiwa siwa, lile baragumu kubwa. Mtu wa zama zile akisema "nyumba ya kiungwana" anataja nasaba ya wenyewe. Wamekukaribisha vizuri au wamekufungia mlango, hayo mengine.

Kisha neno likahama. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Sheria iliyomtenga muungwana na mtumwa ikaondoka, na waliokuwa watumwa wakavaa kanzu na kanga kama wengine. Leo konda anayekukimbilia na chenji uliyoisahau ni muungwana, na hakuna atakayemuuliza babu yake alikuwa nani. Waliosema "muungwana ni vitendo" walishaimaliza kesi hii.

Kwa hiyo msomaji wa leo akikuta "familia ya kiungwana" anaona watu wanaosalimia na kukaribisha wageni. Mteja wa yule binti hakukosea kushangaa.

Dawa ninayoitumia: nikitaka tabaka, natumia nomino, "ya waungwana", na naitia mji au zama. Nikitaka tabia, ndipo natumia "ya kiungwana". Linganisha:

"Alivaa mavazi ya waungwana wa Pate." Hapo unaona joho na kilemba.

"Alivaa mavazi ya kiungwana." Hapo unaona mtu aliyejistiri, pengine kaenda msibani.

Bila mji au zama, hata "ya waungwana" itateleza irudi kwenye adabu. Usiiache peke yake.

Angalia pia ile u. Nimeona watu wanaandika "tabia ya kingwana". Kingwana ni jina la Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kilichofika huko na misafara ya wangwana kutoka pwani. Tena katika misafara ile walioitwa wangwana wengi walikuwa watumwa au wazawa wa watumwa. Waliliokota jina njiani wakalivaa, na sioni wa kuwalaumu.

Sasa, kama mabwana zako si wa pwani? Wa Uingereza waite malodi. Msomaji ameshasikia Bunge la Malodi kwenye habari, hutahitaji maelezo. "Ukoo wa malodi" inatosha. Wa Ufaransa kabla ya mapinduzi ya 1789 wanaitwa makabaila, yaani mabwana wenye ardhi, lakini hapo nenda polepole. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimtaka kiongozi asishiriki jambo lolote la kibepari au la kikabaila, na tangu hapo neno hilo halijatoka mkutanoni. Mimi nilimwandikia mke wa lodi, anashuka ngazi kwa madaha kwenye dansi, kwamba ana "mwendo wa kikabaila". Ikasomeka kama mama wa watu anashuka kwenda kutaifishwa. Ukitaka kulaani mfumo wa ardhi, kikabaila ni lako. Ukitaka kusifia shingo na mabega, andika madaha na uachie hapo.

"Kimwinyi" nalo lina miiba miwili. Linabeba ubwana kweli, ila limezoea kebehi: "anafanya kazi kimwinyi" ni mtu anayefika saa tano na kuuliza chai iko wapi. Halafu ukiandika "utawala wa kimwinyi" kwenye habari za Tanzania, msomaji atamfikiria Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza 1985 hadi 1995. Herufi ndogo haitakuokoa, hasa likiwa kwenye kichwa cha habari.

Hatua ya 4: Kama ni pesa tu

"Mtoto wa kishua." Kwa Dar inaeleweka hadi kwa mama muuza vitumbua, Nairobi watakwambia babi. Usimpe lodi wa miaka 60 mwenye fimbo. "Kibwanyenye", la tabaka la matajiri, naliacha kwa wanaoandika makala za siasa.

Hatua ya 5: Jaribu kuivunja

Bandika "lakini hana adabu" mwishoni mwa sentensi yako, uisome kwa sauti. "Ni mtu wa kiungwana lakini hana adabu": imejipinga yenyewe, maana yake umeandika tabia. "Ni mtu wa ukoo wa malodi lakini hana adabu": imesimama, umeandika nasaba. Kwa sauti, nasisitiza. Kimoyomoyo kila sentensi ni nzuri.

Binti nilimpa hatua hii moja tu, usiku ulikuwa umeenda. Asubuhi akanirudishia mistari yake miwili:

"Ukoo wao wa malodi,
uungwana hata wa salamu hawana."

Mteja ameipokea. Sasa anauliza kuhusu neno la mnyweshaji chai.