Namna ya kumuuliza mtoto anayejiumiza

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana upande wa Uyole. Nawaandikia wazazi na walezi wa Mbeya, Njombe na Iringa.

Huku kwetu kwenye baridi, sweta peke yake haikuambii kama mtoto anaficha majeraha ya kujikata. Juni na Julai kila mtoto amejifunika mpaka viganjani. Mwangalie anayebaki na sweta wakati wa kufua, au jua la Oktoba linapochoma na wenzake wote wameshavua. Mwangalie aliyeanza kuoga usiku peke yake, na yule ambaye kila wiki ana mikwaruzo mipya na kila wiki anasingizia kuni.

Ukishaona, usimtangaze paredini, usimchape, wala usikimbilie kumwombea kabla hujamsikiliza. Watoto wengi wanaojikata hawataki kufa. Wanatafuta nafuu ya maumivu ya moyoni wasiyoweza kuyasema. Hata hivyo, anayejiumiza yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuja kujiua kuliko asiyejiumiza, ndiyo maana bwenini kwangu hakuna ruhusa ya kusema "huyo anadeka tu".

Kuzungumza naye, mimi hupenda tuwe tunamenya viazi, tumekaa ubavu kwa ubavu. Mtoto asiyetazamwa usoni husema zaidi. Anza hivi: "Mwanangu, nimeona mkono wako. Sikugombezi. Nini kinakuumiza?" Kisha nyamaza. Atajibu, "Madam, niko sawa." Endelea kumenya, usiondoke.

Halafu uliza waziwazi: "Mambo yakikuzidi, huwa unawaza kufa? Umewahi kufikiria kujiua?" Hapa ndipo wazazi wengi hurudi nyuma, wakiogopa kwamba swali litamtia wazo. Halimtii. Tafiti zimelionyesha hilo, na mimi nimeona mabega ya watoto yakishuka kwa sababu hatimaye mtu mzima amelitaja jambo walilokuwa wamelibeba peke yao. Akisema ndiyo, muulize kama ameshapanga, lini, na kama ana kitu cha kutumia. Mwenye mpango ni dharura. Asiachwe peke yake hata dakika moja, na siku hiyohiyo apelekwe hospitali.

Akikuomba umtunzie siri, usikubali. Mwambie, "Nitamshirikisha mtu anayeweza kutusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua ni nani."

Uwe macho zaidi kwa aliyewahi kujaribu kujiua, anayegawa vitu vyake, anayeaga bila safari, au anayesema nyumbani mngepumua asipokuwepo. Matokeo ya kidato cha nne, mimba, msiba na ukatili wa nyumbani ni nyakati za kumsogelea mtoto.

Sasa nyumbani. Sisi ni wakulima, na dawa za kupulizia viazi na mahindi mara nyingi hukaa chini ya kitanda au kwenye kona ya jiko. Zitoe. Ziwekwe stoo yenye kufuli, ufunguo ukae kwako, na vidonge vya hospitali vifungiwe vilevile. Msukumo wa kujiua mara nyingi huwa mkali kwa muda mfupi kisha hupungua, na kufuli humvusha mtoto muda huo. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu, yaani dawa za mashambani, vyenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua kwa takriban asilimia 70. Kwa mzazi wa huku, sioni hatua iliyo rahisi kuliko kuzifungia dawa hizo.

Kwa msaada, anza na kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina huduma za afya ya akili. Mtoto mwenyewe, au wewe, mnaweza kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo.

Akirudi kutoka hospitali, usilegee. Wiki za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Msindikize kliniki kila tarehe, mwambie mwalimu mmoja mnayemwamini wote wawili, na kila baada ya siku chache muulize tena, waziwazi, kama mawazo ya kufa yamerudi.