Somo: kusoma taroti (kadi za kubashiria) mtu akiuliza "ananichiti?" (soma kabla hujanitumia picha)

Naweka hili hapa mara moja, manake kila wiki napata picha ya kadi tatu juu ya shuka na swali lile lile, shangazi hii maana yake ana mwingine? Kuanzia leo ukinitumia picha kabla hujasoma nitakurudisha hapa hapa.

Natumia kadi za Rider-Waite, zile zilizotoka London 1909, michoro ya Pamela Colman Smith. Ziko 78, kubwa 22 (kama Shetani na Mwezi) na ndogo 56 za aina nne, yaani panga, vikombe, fimbo na sarafu. Kama zako ni za mchoro mwingine, picha nitakazoeleza huenda zisifanane na zako, lakini hatua ni zile zile.

Hatua ya 1. Kaa pahali patulivu, changa kadi, kata. Udi ukipenda, si lazima.

Hatua ya 2: swali. Usiulize "anachepuka ndio au la". Kadi haina mdomo wa kujibu ndio. Uliza "ni nini sikioni kwenye hii ndoa" au "kumebadilika nini kati yetu tangu aanze kazi Mombasa". Na usiweke jina la jirani yako kwenye swali, ukishamtaja kila kadi utakayofunua utaiona sura yake.

Hatua ya 3: viti. Kadi tano, na kila moja uipe kiti chake KABLA hujaifunua. Cha kwanza ni mimi ninavyohisi, cha pili ni yeye alivyo sasa, cha tatu ni kilicho kati yetu, cha nne ni kilichofichika, cha tano ni la kufanya. Andika kwa karatasi, usiweke kichwani, manake kichwa kitahamisha viti ukiona kadi usiyoipenda.

Hatua ya 4: tenganisha hofu na habari. Hapa tusikimbie, manake hapa ndipo nyumba za watu zinapovunjika bure. Chukua Tisa ya Panga uitazame vizuri. Mtu amekaa kitandani usiku, uso ameufunika kwa viganja, nyuma yake giza tupu na panga tisa zimelala moja juu ya nyingine, miguuni blanketi la mawaridi na alama za nyota. Sasa hesabu, panga zilizomchoma ni ngapi? Hakuna hata moja. Mwanamke mwingine yuko kwenye picha? Hayuko. Kadi inasema mtu huyu halali kwa mawazo, basi. Ikikaa kiti cha kwanza huyo ni wewe mwenyewe na saa nane yako ya usiku, haijasema neno lolote juu ya mumeo. Lakini watu wanaona panga tisa wanaruka moja kwa moja kwenye simu ya mwenzao, asubuhi mabegi yako mlangoni na wazee wanaitwa kikao kwa sababu ya kadi iliyokuwa inamzungumzia muulizaji mwenyewe.

Kwa hivyo maonyo, na nayasema kwa herufi kubwa moyoni:

Usichange tena usiku ule ule kwa swali lile lile. Ukitafuta kadi mbaya utaipata, ziko 78.

Usiende na kadi kwa kadhi wala kwa wakwe kama ushahidi. Si ushahidi.

Ukimsomea mtu halafu akaanza kusema atakachomfanyia mkewe, kusanya kadi hapo hapo umalize kikao. Na kama anayeuliza ndiye anayepigwa nyumbani, weka kadi kando umsindikize hospitali na kwenye dawati la jinsia pale polisi. Mwenye wasiwasi wa maradhi aende akapime, hakuna kadi ya kupima damu.

Hatua ya 5: kadi mnazoniletea sana. Tatu ya Panga ni moyo umechomwa panga tatu na mvua nyuma. Ni uchungu, lakini uchungu wa nini haijasema, inaweza kuwa msiba, inaweza kuwa maneno mazito mliyoambiana Jumamosi. Tatu ya Vikombe mnaisoma vibaya kila siku, wanawake watatu wameinua vikombe wanafurahi, nyinyi mnasema "watatu, basi kuna wa tatu", wakati mara nyingi ni harusi au marafiki wa kike. Shetani, angalieni wale wawili waliofungwa, minyororo ya shingoni imelegea, wangetaka wangeivua. Ni kitu mtu amekizoea mpaka kimemfunga. Kwa mume wa mtu hapa Malindi kinaweza kuwa muguka, majani yale ya kutafuna, kinaweza kuwa kamari ya simu inayomaliza kodi ya nyumba, na ndio maana anaficha simu. Mwezi ni mwanga hafifu, mbwa na mbwa mwitu wanabweka, unaona vivuli. Ukiipata usiamue kitu wiki hiyo.

Mimi huanza kushtuka Saba ya Panga (mtu ananyemelea na panga za kuiba) ikikaa kiti cha nne na Mbili ya Vikombe (wawili wanapeana vikombe) imetoka kichwa chini kiti cha tatu. Hata hapo nasema "kuna jambo hulijui, muulize". Sisemi "ana mwanamke".

Hatua ya 6. Andika tarehe, piga picha, funga kadi, halafu uzungumze na mwenzako.

MASWALI

mamake_twins: Shangazi nimetoa Shetani kiti cha kwanza, ni yeye ama?
— Kiti cha kwanza ni nani? Rudi hatua ya 3.

Kaskazi07: Zinaweza kunionyesha jina la huyo mpango wa kando au hata herufi ya kwanza tu
— Hapana. Anayekuambia zinaweza anataka M-Pesa yako.

Kaskazi07: lakini kuna mtu mtaa wa Barani alimtajia dadangu jina na ikawa kweli
— Barani kila mtu anajua habari za kila mtu, mwanangu. Nimeshajibu.

Bint_Shela: Shikamoo shangazi. Kwenye Saba ya Panga yule mtu anabeba panga tano lakini mbili ameziacha zimesimama chini. Zina maana ama ni mapambo?
— Marahaba mwanangu, swali zuri sana hili. Mtazame vile anatembea kwa ncha za vidole, amegeuza uso kuangalia mahema nyuma, na panga amezishika kwenye makali, sio kwenye mipini. Anaiba lakini anajikata. Zile mbili kwangu mimi ni kile asichoweza kuondoka nacho, yaani alama anayoiacha. Kwa hivyo ikitoka huwa namuuliza muulizaji, ni nini tayari umekiona na ukakipuuza? Mara nyingi analo jibu. Na usisahau kadi hii inaweza kuwa muulizaji mwenyewe, anayepekua simu ya mwenzake usiku.

Omari wa Ngomeni: Sina hela ya taroti, karata za kawaida zinafaa?
— Zinafaa kaka. Kopa ndio vikombe, uru ndio sarafu, pau ndio fimbo, shupaza ndio panga. Utakosa zile kubwa 22 na picha moja kila aina, unabaki na 52. Tisa ya shupaza isome vile vile.

Bint_Shela: Kwani zilianza kama karata za kuchezea?
— Ndio, Italia ya kaskazini, karne ya 15, mchezo tu. Kubashiri nazo kulishika Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1700.

msomaji_tu: Mimi ni Muislamu, si shirki hii?
— Hilo muulize sheikh wako, sio mimi. Na kama moyo unakukataza usisome, swali lako kwa mumeo unaweza kumuuliza bila kadi.

Omari wa Ngomeni: Za rafiki yangu zimeshikana hazichangiki
— Unyevu wa bahari huo. Moja moja apanguse kwa kitambaa kikavu, aziweke kwenye mkebe wenye kifuniko. Asizianike juani, zitakunjika.