Ndege ya rimoti ya bei nafuu: namna ya kuichagua na kuifanya iruke vizuri

Jumamosi moja mpwa wangu alinipigia simu sauti ikitetemeka. Ndege yake ya rimoti, aliyoletewa na baba yake mdogo kutoka Dubai, ilikuwa imeanguka mara 4 asubuhi hiyohiyo. Tuliihangaikia mpaka jioni. Ilipokuja kuruka, hatukuwa tumenunua mota mpya wala kifaa chochote cha bei. Ndege hizi zisawazishe kwanza, manunuzi yafuate.

Hatua ya 1: Kuchagua

Chukua ndege yenye bawa juu ya kiwiliwili, mota nyuma ya bawa, na mabawa ya mita 1 hadi 1.5 kutoka ncha hadi ncha. AeroScout ya HobbyZone, yenye mabawa ya mita 1.1, ni ya aina hiyo, Bixler pia. Pua ikigonga chini, mota na propela husalimika. Ndege za kivita na vijeti viache, hata bei iwe ya kutupa: mabawa yake mafupi yanadai kasi, na anayejifunza hana nafasi ya kufikiri kwa kasi hiyo. Zile za mota 2 zisizo na sevo (mota ndogo zinazosukuma vipande vya bawa na mkia) hata moja nazo sizipendekezi kwa mtu yeyote. Zinapinda kwa kupishanisha nguvu za mota tu, upepo kidogo zinakushinda.

Kwenye boksi tafuta herufi RTF, maana yake rimoti imo ndani. BNF ina risiva (kifaa ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti) lakini rimoti unajitegemea. PNP haina hata risiva. Muulize muuzaji kama ana propela na bawa la akiba. Hana? Nenda kwa mwingine. Na kabla ya kuagiza, ulizia masharti kwenye mamlaka ya usafiri wa anga: TCAA kama uko Tanzania, au KCAA kama uko Kenya.

Hatua ya 2: Betri

Kila seli ya betri ya LiPo (lithiamu polima, aina ya betri ya ndege hizi) ikijaa inasoma volti 4.2. Tua mapema, betri ikipumzika isisome chini ya 3.5 kwa seli. Ukiihifadhi wiki nzima, iache kwenye 3.8. Ichaji juu ya sakafu ya vigae au ndani ya chungu, ukiwa hapohapo. Iliyovimba usiichaji tena. Anayekuletea kwa ndege aweke betri za akiba kwenye begi la mkononi, ncha zimefungwa tepu.

Hatua ya 3: Kuunganisha

Fuata kijitabu. Ukimaliza, simama nyuma ya ndege: fimbo ya rimoti ikienda kulia, eleroni ya kulia (kipande kinachocheza nyuma ya bawa) inapanda, ukiivuta kwako, elevata (kipande cha mlalo kinachocheza mkiani) inapanda.

Hatua ya 4: Kitovu cha uzito

Hapa ndipo siku yetu ilipoishia. Mpwa wangu alikuwa amenunua betri kubwa ili aruke muda mrefu. Haikuingia puani, akachonga povu akailaza chini ya bawa. Kila akirusha, ndege iliinua pua, ikasimama hewani kidogo, kisha ikaporomoka. Tulilaumu mota. Tukabadilisha sevo. Tukachezea vitufe vya rimoti mpaka tukasahau vilikuwaje mwanzo. Saa kumi jioni nikainyanyua kwa vidole 2 chini ya mabawa, mkia ukaanguka papo hapo.

Kitovu cha uzito ni mahali ambapo ukiishika ndege inakaa sawa, haizamii mbele wala nyuma. Pima hivi. Weka kila kitu mahali pake, betri ikiwemo. Kijitabu kinataja umbali kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Kama hakitaji na bawa limenyooka, anzia kwenye asilimia 25 hadi 30 ya upana wake, yaani kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Bawa la upana wa sentimita 20, basi sentimita 5 hadi 6. Pimia bawa linapokutana na kiwiliwili. Bawa linalopungua kuelekea nchani ukilipimia huko utapata jibu la uongo. Nilikosea hivyo mara ya kwanza. Weka alama kwa kalamu chini ya kila bawa, inyanyue kwenye alama hizo kwa ncha za vidole, ndani ya nyumba, feni imezimwa. Pua iinamie chini kidogo tu.

Mkia ukizama, sogeza betri mbele kabla ya kuongeza uzito wowote. Ikigoma, nenda duka la vifaa vya uvuvi ununue chubwi ndogo za risasi. Zibandike puani kwa tepu kwanza, gundi baadaye. Umbali kutoka kitovu ndio unaofanya kazi: gramu 10 puani kabisa zinashinda 20 karibu na bawa. Ukiziba mpasuko wa mkia kwa gundi nyingi, pima upya. Ukibadili betri, pima upya. Jairo (kifaa cha ndani kinachoituliza ndege chenyewe) isikudanganye pia: itapambana na uzito mbaya, ndege ionekane nzima, hadi kasi ipungue wakati wa kutua.

Hatua ya 5: Maboresho

Vijiti vya mishikaki ndivyo ninavyovipenda. Chimba mfereji mwembamba chini ya bawa, laza kijiti, gundisha, funika kwa tepu yenye nyuzi. Supa gluu ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana povu jeupe la polistireni huliwa nayo. Waya wa elevata uhamishie tundu la nje kwenye pembe ya elevata, kile kipande cha plastiki unapofungwa waya. Mwendo unapungua, mkono wa mwanafunzi unatulia. Propela ipitishe kwenye msumari mwembamba. Upande unaoshuka ndio mzito, bandika kipande cha tepu upande wa pili. Mtetemo ukiisha, mlio wa mota unabadilika kabisa.

Hatua ya 6: Kurusha

Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo wa baharini haujaanza, kwenye uwanja wa nyasi usio na watu. Kwanza irushe bila mota, ukielekea upepo, pua sawa na upeo wa macho. Iteleze taratibu mpaka ikae. Ikijichomeka, rudisha betri nyuma sentimita nusu. Ikiinua pua, isogeze mbele. Ya mpwa wangu ilikaa sawa kwenye jaribio la 3, akatazama mkono wake wa kulia, akaniuliza sasa awashe mota.